Mistari Thelathini na Minane

Siku niliyoacha kazi Bosi Salim alinipa saa ya ukutani, nanyi mlionisindikiza hadi kwenye lifti mkanitaka niandike ninayoyakumbuka, ili atakayekalia kile kiti cha pembeni ajue kilikuwa cha nani. Nina miezi miwili Mombasa sasa. Saa inapiga sebuleni, nami naandika. Shule yangu iliishia kidato cha pili, kwa hiyo msitafute maneno makubwa humu. Wala msitafute habari za kupandishwa cheo. Wengi wenu mnajua sikupandishwa.

Niliingia Guangzhou mwaka uliofuata kifo cha mume wangu. Salim ni binamu yake marehemu, na ofisi yake ya mizigo ilikuwa ghorofa ya tisa katika lile jengo la Xiaobei lenye lifti mbili, moja ikiwa mbovu daima. Alitaka mtu wa kukaa mezani, asiyependa kuzungukazunguka. Nilimfaa. Mjane mwenye eda ya juzi hazunguki.

Siku ya kwanza niliogopa kila kitu. Niliogopa lifti, jinsi watu walivyoshindiliwa humo na marobota yao. Niliogopa askari waliokuwa wakikagua pasipoti pale chini mlangoni, ingawa yangu ilikuwa sawa na viza yangu mbichi. Lakini kilichonitisha zaidi ni kisanduku cha kijivu kilichokuwa juu ya meza niliyopewa, chenye taa nne ndogo, na waya mmoja ukiingia ukutani.

"Hiki usikiguse," Salim aliniambia, "mpaka Papa Ilunga akwambie."

Papa Ilunga alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, mwembamba, mwenye shati lililopigwa pasi hata siku za joto la kulowesha mgongo. Kwao alifanya kazi miaka mingi kwenye mitambo ya simu ya kampuni ya migodi. Kazi ilipokwisha alikuja China kununua vitambaa, biashara ikamshinda, Salim akamchukua. Alikuwa na daftari jeusi, na mfukoni kalamu ya rangi mbili: buluu kwa yaliyokwenda sawa, nyekundu kwa yaliyoharibika. Wakati ule nilidhani ni madoido.

Lazima nieleze kile kisanduku, maana ninyi mnatuma picha ya kontena zima huku mnakula. Miaka ile ofisi yetu ilikuwa na laini ya simu ya dijitali, na ofisi ya Nairobi nayo ilikuwa nayo. Kompyuta yetu ilipiga simu kwa kompyuta yao moja kwa moja, kupitia kile kisanduku, na orodha za mizigo zikapita humo. Kulikuwa na mambo mawili ya kuchagua kabla ya kupiga. Kwanza mwendo: sitini na nne au hamsini na sita. Kuna siku njia ya simu kuvuka nchi haikubeba sitini na nne ikiwa safi, ukashuka. Pili ni namna ya kupeleka maneno, na hapa kulikuwa na 110 na 120. Sisi na wao ilibidi tuwe na namba zilezile. Zikitofautiana, simu inaita, inapokelewa, taa inawaka kijani, na hakuna neno linalopita.

Papa alinifundisha tofauti ya zile namna mbili kwa katoni za viatu. Alisimama mlangoni akanirushia katoni moja baada ya nyingine bila kuniangalia. Nilidaka mbili, ya tatu ikaanguka.

"Hii ni 110," alisema. "Inatupa tu. Ikianguka, haina habari." Kisha akaja karibu, akanipa katoni mkononi, akangoja niseme nimepata, ndipo akatoa nyingine. "Hii ni 120. Inauliza, umepata? Kama haukupata, inarudisha ile ile. Iko polepole, Mama. Lakini inafika."

"Sasa kwa nini hiyo 110 ipo?"

"Sababu watu wako na haraka."

Halafu akanionyesha taa ya kijani. "Mashine itakuambia connecté, imeunganishwa. Usiifurahie. Connecté haiko kufika."

Desturi yake ilikuwa hii. Kabla ya kutuma au kupokea, piga simu ya kawaida umuulize mwenzako ana mwendo gani na namna gani. Baada ya faili kupita, piga tena. Aliyepokea asome mstari wa mwisho kwa sauti na aseme amehesabu mistari mingapi. Tuliita kusoma mkia. Wenzetu wa Nairobi walikuwa wanachoka nayo. Karani wao, Njoroge, kijana mwenye mdomo aliyeniita Mathe, yaani mama, alikuwa akipokea simu kwa kusema, "Haya Mathe, leta huo mkia wako nikusomee kabla ya chai."

Nilikuwa na miezi mitano kazini nilipouruka mkia kwa mara ya kwanza. Orodha ya mizigo ya ndege ilikuwa inatakiwa kabla marobota hayajaondoka kwenda uwanja wa Baiyun, na Salim alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu akipumua. Taa ilikuwa kijani. Nikasema imekwenda. Kule Nairobi ilifika bila mistari miwili, na marobota matatu ya viatu yakaonekana kama hayana mwenyewe. Yalikaa uwanjani wiki mbili.

Salim alipokuja amefura, nilifungua kinywa niseme. Papa Ilunga alinitangulia. "Ni mukono yangu, Patron. Mimi njo nilituma."

Salim alimsema maneno ambayo hasemwi mtu mzima mbele ya watu. Walipoondoka wote nilimwambia, "Papa, kwa nini?" Akafungua daftari, akaandika kwa nyekundu, akafunga.

"Wewe uko mupya, wanaweza kukurudisha kwenu," alisema. "Mimi, watanirudisha wapi?"

Tangu siku ile sikuuruka mkia tena. Miaka miwili. Nasema hivi ili mjue kwamba haikuwa ujinga, yale nitakayosimulia sasa. Nilijua.

Ilikuwa siku ya kazi ya kawaida, mchana wa saa sita. Papa alikuwa amekwenda Liuhua, kwenye masoko ya viatu karibu na stesheni, kukagua shehena ya mteja wa Mombasa. Asubuhi alilalamika tumbo, akanywa maji ya moto, akaenda. Simu yangu ikalia. Alikuwa Lin, binti wa Kichina aliyetufanyia kazi ya ukalimani, mwenye Kiswahili alichookota kwetu ofisini, nusu cha pwani na nusu cha Papa.

"Dada Rukia, Papa ameanguka kwa katoni. Tuko hospitali. Yeye ni moto sana, anaongea hovyo."

Madaktari walimwambia Lin kwamba kidole tumbo cha Papa kimepasuka na inabidi wampasue siku hiyohiyo. Lakini walitaka kujua: ana maradhi gani mengine, anatumia dawa gani. Papa alikuwa haelewi anaulizwa nini. Alikuwa akirudia neno moja, Nairobi.

Nilijua maana yake. Kabla ya kuja China alikuwa ametibiwa mguu Nairobi, na kadi ya yule daktari ilikuwa katikati ya daftari jeusi, juu ya meza. Ikabidi nimngoje Njoroge afungue ofisi. Saa nane mchana yetu ndiyo saa tatu asubuhi yao. Yale masaa mawili niliyahesabu kwa kuangalia mlango wa lifti. Sijui nilitegemea nani atoke.

Njoroge alipopokea simu hakutania. Alikwenda kwa miguu hadi kliniki, akarudi na barua ya daktari, kurasa mbili za Kiingereza. Faksi yao ilikuwa kwa fundi, na barua pepe wakati ule ilikuwa ya kwenda kungojea foleni saibakafe. Akakaa akaichapa yote kwenye kompyuta ya ofisi. Ikafika saa kumi yetu.

"Mathe, iko tayari. Piga."

"Uko namna gani?"

"Stima ilipotea asubuhi, hii kitu imejiwasha upya. Inaandika 110."

Kisanduku chao kikizimika kilirudi kwenye mpangilio wa kiwandani. Papa alikuwa ameniambia, ikitokea hivyo, mwelekeze Njoroge airudishe 120, hata ikichukua nusu saa. Njoroge hakuwa amewahi kuigusa. Nami nilimwona Salim mlangoni, funguo mkononi, ameshika lifti kwa mguu isifunge.

"Rukia, teksi iko chini! Unayo au huna?"

Nikafanya jambo jepesi. Badala ya kumpandisha Njoroge, nikajishusha mimi. Nikaweka 110. Taa ikawaka kijani. Maneno yakaja kwenye kioo, mengi, ya Kiingereza, yakishuka upesi. Nikachapisha nakala mbili.

Mkia sikuuomba. Nilichukua karatasi nikakimbia.

Ndani ya teksi Salim alikuwa akisoma dua kwa sauti ya chini, akikatiza kumhimiza dereva. Nilikuwa nimezikunja zile karatasi kifuani. Nilikuwa najua kile nisichokifanya, kama mtu anavyojua ameacha jiko linawaka. Nikajiambia, ni barua tu, si orodha ya marobota. Barua ikikosa neno, daktari ataelewa.

Lin alitupokea kwenye ukumbi, akachukua nakala moja, akaingia nayo. Nikakaa kwenye benchi na nyingine. Sikuweza kuisoma, Kiingereza cha madaktari si cha kidato cha pili. Lakini kuhesabu naweza. Nikahesabu mistari kwa kidole. Thelathini na minane. Nikahesabu tena, maana nilidhani nimeruka. Thelathini na minane. Nikampigia Njoroge.

"Uliandika mistari mingapi?"

"Ngoja... arobaini na moja."

Kidole changu kilikuwa bado juu ya mstari wa mwisho.

"Mathe? Kwako ni ngapi?"

"Nisomee kuanzia wa ishirini."

Akasoma polepole, nami nikifuata kwa kidole, hadi tukafika mahali yeye alipoendelea na mimi karatasi yangu ikaruka. Ile mistari mitatu ilisema mgonjwa aliganda damu mguuni, na kwamba kila siku anameza dawa ya kuifanya damu iwe nyepesi, na kiasi chake. Njoroge alinieleza kwa Kiswahili, kisha akasema yale ambayo mimi tayari nilikuwa nimeyafikiri. "Mathe, wakimkata na hiyo dawa iko ndani, si atamwaga damu yote?"

Mlango wa chumba walichomwingiza ulikuwa wa rangi ya maziwa, na juu yake kulikuwa na taa. Niliiangalia ile taa. Sikujua ikiwaka ina maana wameanza au bado, na sikuwa na lugha ya kumuuliza mtu. Nikamwambia Njoroge anitajie jina la dawa herufi moja moja. Nikaliandika kwenye kiganja kwa kalamu ya Salim, herufi kubwa, jasho likiniharibia. Salim aliniuliza, "Unafanya nini?" Nikamshika Lin alipotoka, nikamfungulia kiganja mbele ya uso.

"Hii mwambie daktari sasa hivi. Kimbia."

Alikimbia. Kutoka pale alipoingia hadi alipotoka, sijui ni dakika ngapi. Nilijaribu kusoma aya, nikasahau katikati, mimi niliyeisoma tangu utoto.

Lin akarudi. "Daktari anasema amesimama. Damu ya Papa walipima, haigandi vizuri. Alikuwa anajiuliza sababu. Sasa anaitaka karatasi kamili, na namba ya dawa. Mkono wako, anasema, haiko karatasi."

Basi nisikilizeni hapa, ninyi mnaosoma. Karatasi yangu ya kwanza ingemuua. Waliomzuia mkono yule daktari ni watu wa maabara, siyo mimi.

Nilirudi Xiaobei na teksi ileile. Lifti ilikuwa na foleni, nikapanda ngazi ghorofa tisa, na nina miguu mibovu tangu uzazi wa pili. Nikampigia Njoroge kwa simu ya mkononi, nikalifungua daftari jeusi kwenye ukurasa wa mpangilio, nikamsomea hatua baada ya hatua. Andika hivi, bonyeza, inasema nini? Inasema imekataa, Mathe. Andika tena, umeacha nafasi katikati? Sijaacha. Acha. Hiyo, imekubali. Uko 120? Niko 120. Mwendo? Sitini na nne. Nikapiga. Taa ikawaka kijani, kisha hakuna kitu. Nikamwambia tushuke wote hamsini na sita. Nikapiga tena. Maneno yakaanza kuja, polepole, mstari, kimya kidogo, mstari, kama mtu anayeuliza umepata.

"Soma mkia," Njoroge aliniambia mwenyewe, sauti yake si ya utani.

Nikausoma. Jina la daktari na nambari ya kliniki.

"Mingapi?"

"Arobaini na mmoja."

"Haya. Nenda."

Walimpa Papa dawa ya kuifanya damu igande tena, wakamfanyia upasuaji usiku huo nami nikiwa nimeketi palepale. Akapona. Ndani ya wiki habari ilikuwa imeenea Xiaobei nzima, kwenye mikahawa na kwa mawakala wote, kwamba Rukia wa kwa Salim alipanda ghorofa tisa kwa ngazi na karatasi ikamwokoa Mkongo. Wanawake wa Nairobi walinishika mikono. Salim, mbele ya wateja, aliniita shujaa. Alikuwa mlangoni siku ile na aliona karatasi imekuja mara mbili, lakini yeye aliamini laini ndiyo iliyokuwa mbaya. Nikamwacha aamini.

Papa alirudi kazini baada ya wiki tatu, shati limempwaya. Kabla hajavua koti alikwenda kwenye kisanduku. Kilikuwa na kumbukumbu ya kila simu, saa yake, mwendo wake na namna yake. Aliziangalia kwa muda mrefu. Kisha akafungua kompyuta, mlimobaki barua zote mbili kama zilivyofika. Mimi nilikuwa nafunga robota kwa utepe, na nakumbuka utepe ule ulinikatikia mara mbili.

"Mama Rukia," alisema. "Siku ile, laini ilikuwa namna gani?"

Hapa ndipo ningesema. Tulikuwa wawili tu.

"Ilikuwa nzuri, Papa."

"Bon," alisema. Akatoa daftari, akaandika, akalirudisha mfukoni. Sikuona ni rangi gani.

Tulifanya kazi pamoja miaka mingine miwili, na kila siku nilingoja aniulize tena. Akicheka niliogopa. Akinyamaza niliogopa zaidi. Alipokuwa akifundisha wengine kwa zile katoni za viatu nilitoka nje. Kisha akaenda kwao kupumzika. Salim alitaka aliache daftari ofisini, maana lilikuwa na mipangilio yote. Akasema atanakili, akaninakilia kurasa zote kwa mkono, isipokuwa za nyuma.

Alifariki Lubumbashi, mimi nikiwa ofisini. Binti yake, Béatrice, alinipigia. Sikuwa na njia ya kwenda. Nilikaa eda yangu ya pili pale mezani, isiyo ya kisheria, na nilivaa khanga nyeupe siku nyingi, kama mlivyoniona, na hakuna aliyeniuliza.

Ile laini ilikatwa mambo mapya yalipokuja, kisanduku kikaenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Nilimwona akikitupa kwenye mkokoteni. Mambo mapya nayo yana alama zao za kukwambia imekwenda, nanyi mnaziamini. Nilikuwa nawasumbua kwa simu, "Nisomee mkia," na najua mlikuwa mnanicheka kwenye lifti. Sasa mnajua nilichokuwa naogopa. Haikuwa mizigo.

Mwaka wangu wa mwisho, mfanyabiashara mmoja mwanamke kutoka Lubumbashi alipanda hadi ofisini, akaniletea bahasha. Béatrice alikuwa akipanga vitu vya baba yake na akakuta jina langu juu ya daftari jeusi, akalitia humo. Nililiweka kwenye droo miezi mitatu. Nimekwisha kusema mimi ni mwoga. Nililifungua hapa Mombasa, wiki iliyopita, ukurasa wa nyuma.

Ameandika kwa buluu:

Siku ya tumbo yangu.
Simu ya kwanza, 110. Mistari 38.
Simu ya mwisho, 120. Mistari 41.
Rukia alirudi.

Nimeihesabu kwa kidole. Ni mistari minne. Yote imefika.